Sanduku la msaada limefika, kijitabu kiko wapi?

Najua nimewatupa kama wiki mbili hivi bila kuandika kitu, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimepata kazi serikalini. Hapana jamani, bado nipo nipo. Nilikuwa nahangaika na sanduku. Ndiyo, sanduku la plastiki lenye vumbi. Lakini msikimbie, someni mpaka mwisho, kwa sababu habari hii si ya sanduku tu. Ni ya misaada ya elimu inayoingia kwetu kila mwaka, na ni ya sisi tuliosoma kwenye shule ambazo vifaa hufungiwa stoo mpaka panya wanavizoea.

Ilianza hivi. Mwalimu wangu wa fizikia, aliyenifundisha kabla sijamaliza kidato cha nne hapa Morogoro, alinipigia simu Jumanne asubuhi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayeshinda kwenye kompyuta? Njoo uangalie kitu kabla hakijaenda kwenye mizani."

Nikaenda. Jina la shule nalihifadhi maana kosa si lao peke yao, kama mtakavyoona. Nilikuta stoo inatolewa vitu nje. Mkuu wa shule alitaka chumba kiwe wazi ifikapo Ijumaa, na mnunuzi wa skrepa alishaambiwa aje siku hiyo hiyo na mizani yake. Kulikuwa na viti vilivyovunjika, kompyuta zenye vioo vya mgongo mkubwa, na hilo sanduku. Ndani yake kuna vipande vya plastiki mamia kwa mamia, magurudumu, gia, nyaya fupi fupi, na katikati yake tofali moja kubwa la njano lenye kioo kidogo na vitufe vinne. Karatasi hakuna hata moja. Sidii hakuna.

Mzee wa stoo akaniambia, "Kijana wangu, hiyo ni midoli. Ililetwa na wageni kabla mimi sijaanza kazi hapa."

Mwalimu akasema watoto wa klabu ya sayansi waliwahi kuiwekea betri miaka iliyopita. Ikalia pii, ikaonyesha kijimtu kidogo kwenye kioo, basi. Wakabonyeza mpaka wakachoka. Wakasema imekufa, ikarudishwa stoo.

Nikamwomba mwalimu anipe hadi Ijumaa. Akacheka, akasema, "Siyo mimi ninayetoa, ni mkuu. Lakini jaribu."

KOSA LANGU LA KWANZA

Niliondoka na vipande vitatu mfukoni, nikaingia kafe, nikalipia nusu saa. Chini ya kipande kimoja, kile cha kawaida chenye vijichomozo nane juu, kuna namba imechapwa kwa maandishi madogo: 3001. Nikasema safi sana, namba ya kifaa ndiyo hii. Nikaitafuta. Nusu saa yangu yote ikaisha nikiangalia picha za matofali mekundu, ya bluu, ya kijani, ya kila rangi, na hakuna roboti hata moja!

Baadaye nikaelewa. Namba iliyochapwa ndani ya kipande ni ya umbo la kipande hicho, yaani kalibu iliyokitoa. Kipande cha 3001 kimeingia kwenye maelfu ya seti tofauti. Ni sawa na kukuta namba kwenye nati ya gari ukadhani umejua ni gari gani. Namba unayoitaka ni namba ya SETI, na hiyo huandikwa kwenye boksi la nje na kwenye kijitabu. Sasa kama boksi limetupwa na kijitabu kimepotea, utafanyaje?

Unausoma mwili wa kifaa chenyewe. Hapa nawapa nilichojifunza, ili mtu mwingine akikuta sanduku kama hili asipoteze hela yake kama mimi.

Kwanza angalia juu ya kila kichomozo. Kama kimeandikwa LEGO kwa herufi ndogo, umeshajua kampuni, ni ya Denmark. Kama hamna, usikate tamaa. Vipande vyenye mifereji pembeni vinavyoingiana kwa kuteleza vinaweza kuwa fischertechnik ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1965. Mbunifu wake Artur Fischer ndiye huyo huyo aliyeleta ile plastiki tunayoingiza ukutani kabla ya kupiga skrubu. Na kama ni vyuma vyembamba vyenye matundu ya mraba mwili mzima, fikiria VEX ya Marekani.

Ukishajua ni LEGO, angalia ubongo wake, yaani lile tofali kubwa lenye kioo. Familia ya roboti zao iliyoitwa Mindstorms imepita vizazi kadhaa, na kila kizazi kina sura yake:

- Tofali la njano limeandikwa RCX, lina vitufe vinne, limetoka mwaka 1998. Nyaya zake zinaishia kwenye vitofali vidogo vyenye chuma, unavibandika juu kama tofali lingine.

- Tofali la kijivu na jeupe lenye kitufe cha rangi ya machungwa katikati ni NXT, la mwaka 2006. Nyaya zake zinafanana na za simu ya mezani, ila kile kijikulabu chake kimekaa upande mmoja badala ya katikati. Waya wa simu ya mezani hauingii.

- Tofali la kijivu na jeupe lenye tundu la kadi ndogo ya kumbukumbu na taa inayobadilika rangi kuzunguka vitufe ni EV3, la mwaka 2013. Nyaya ni zile zile za NXT.

- Tofali lenye taa ndogo 25 zilizopangwa tano kwa tano, na matundu sita kutoka A mpaka F, ni la mwaka 2020. Likiwa la njano ni SPIKE Prime ya mashuleni, likiwa la kijanibluu ni Robot Inventor.

Letu ni la njano lenye RCX. Kwa hiyo lilianzia 1998. Lakini RCX nayo ilitoka kwa awamu. Yale ya mwanzo yana tundu la kuchomekea umeme wa adapta, yale ya mwisho hayana. Letu halina. Halafu kuna kile kidude cha kutuma programu kutoka kwenye kompyuta, wao wanakiita mnara. Cha zamani kina waya wa pini tisa na kinakula betri ya mraba ya volti 9. Cha baadaye ni cha USB. Letu ni la USB, lilikuwa chini kabisa limejificha kwenye magurudumu.

Ukiunganisha hapo: RCX isiyo na tundu la adapta, mnara wa USB, mota mbili, vihisi viwili vya kugusa na kimoja cha mwanga. Jibu likaja lenyewe. Ni seti ya Robotics Invention System 2.0 ya mwaka 2001, namba 3804. Vipande zaidi ya 700. Nilipoona picha ya boksi lake kwenye skrini nilipiga kelele, mpaka dada wa kaunta akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

KIJITABU KIKAPATIKANA

Ukishapata namba ya seti, kazi nusu imekwisha. Kampuni yenyewe ina ukurasa wa kutafuta vijitabu kwa namba ya seti. Zipo pia tovuti za wapenzi kama Rebrickable, BrickLink na Brickset, ambako utaona orodha ya vipande vyote vya seti hiyo, kwa hiyo unaweza kuhesabu kilichopotea. Na kuna hifadhi kubwa ya Internet Archive, ambako watu wamepandisha skani za vijitabu na sidii za zamani. Kijitabu cha kujengea cha seti hizi za RCX kinaitwa Constructopedia. Andika jina hilo pamoja na namba ya seti, usiandike tu "roboti ya njano".

Ushauri wa bure kwa sisi wa kafe: usisome ukiwa kwenye mtandao. Shusha, weka kwenye flashi, kasome nyumbani. Mimi nilishusha kijitabu na programu ndani ya dakika ishirini, nikabakiwa na dakika kumi za kusoma barua pepe.

HAIKUFA, ILISAHAU

Sasa sikieni hii, maana ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Usiku ule nikisoma nikakuta jambo la ajabu. RCX haina kumbukumbu ya kudumu kwa ajili ya programu yake ya msingi. Ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, ya aina ile inayohitaji umeme muda wote. Programu ya msingi inayoifanya ielewe amri unaituma kutoka kwenye kompyuta, inakaa humo. Ukitoa betri sita za AA ukakawia zaidi ya dakika moja hivi kuweka nyingine, programu yote inafutika. Ukiwasha tena inalia, inaonyesha kijimtu, lakini ile saa inayotakiwa kuonekana kwenye kioo haipo. Hiyo ndiyo dalili.

Soma tena alichoniambia mwalimu: ikalia pii, ikaonyesha kijimtu, basi. Miaka yote ile roboti haikuwa imekufa. Ilikuwa imesahau! Ilikuwa inangoja mtu aikumbushe, na maelezo ya namna ya kuikumbusha yalikuwa kwenye kijitabu kilichopotea. Kizazi kizima cha wanafunzi kimepita mlango wa stoo ile, mimi nikiwa mmoja wao, na kitu kizima kiko ndani kinaitwa kibovu.

Alhamisi nikarudi shuleni. Ndani ya chumba cha betri kulikuwa na unga mweupe, betri za zamani zilikuwa zimevuja. Tukachovya pamba kwenye maji ya ndimu, tukasugua vyuma taratibu, tukafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, tukaacha pakauke. Betri mpya sita. Pii. Kijimtu. Saa hakuna. Kama kitabu kilivyosema.

Tatizo lililofuata likawa kompyuta. Mnara wa USB wa LEGO ulitengenezewa Windows za zamani, na kampuni haikutoa draiva ya Windows za biti 64. Kompyuta ya ofisi ya mwalimu ikaukataa kabisa. Nikakumbuka kwamba yule kaka mwenye kafe ana mashine ya Windows XP nyuma ya kaunta, aliyoibakiza kwa ajili ya printa moja ya zamani. Nikambembeleza, akakubali kwa sharti kwamba nisiguse printa. (Kwa wasio na XP: Linux inautambua mnara huo, draiva yake imo humo humo. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows ya mtu.)

Tukaweka programu iitwayo Bricx Command Center, ya bure. Tukaweka RCX mbele ya mnara, maana zinaongea kwa miale kama ya rimoti ya TV, hakuna waya kati yao. Tukatuma faili la programu ya msingi. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Dakika zikapita, hakuna aliyeongea. Mwalimu, wanafunzi wanne wa klabu, yule kaka wa kafe, na wateja wawili walioacha mambo yao. Halafu kwenye kioo ikatokea 00.00.

Saa! Mwalimu akakaa kwenye kiti akasema, "Kumbe ilikuwa nzima."

Ijumaa saa nne asubuhi mnunuzi wa skrepa alipofika, binti mmoja wa kidato cha pili alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya maabara. Alikuwa amebandika gundi nyeusi ya mafundi umeme juu ya karatasi nyeupe, na kigari chenye tofali la njano mgongoni kinaufuata mstari ule. Kikipotea kinarudi chenyewe. Mkuu wa shule alisimama mlangoni akaangalia raundi mbili, hakusema kitu. Mizani ikabeba viti. Sanduku likabaki.

SASA TUONGEE UKWELI

Hadithi imeisha vizuri, lakini mimi sikuja kusimulia hadithi tu. Nina maswali matatu.

La kwanza, kwa nini kifaa cha 2001 kimeweza kufufuka leo? Jibu si kwamba kampuni ilikuwa na huruma na Morogoro. Jibu ni kwamba mwaka 1998, RCX ilipotoka tu, watu walifungua siri zake. Kekoa Proudfoot, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, alichambua namna inavyofanya kazi ndani akayaweka wazi kwa kila mtu. Dave Baum akatengeneza lugha ya NQC, ndiyo tuliyoitumia sisi. Markus Noga akatengeneza mfumo mwingine kabisa wa kuiendesha. LEGO wangeweza kwenda mahakamani. Hawakwenda. Waliwaacha, na baadaye wakakubali rasmi watu wachezee programu ya kifaa chao. Uamuzi ule ndio uliookoa sanduku letu.

Linganisheni na hali ya sasa. Oktoba 2022 LEGO walitangaza kwamba Mindstorms inafikia mwisho ifikapo mwisho wa mwaka ule. Robot Inventor ilikuwa imetoka 2020, yaani miaka miwili tu nyuma, na waliahidi kuitunza programu yake ya simu na kompyuta angalau hadi mwisho wa 2024. Mtu aliyenunua mwaka 2022 kahakikishiwa miaka miwili. Bahati nzuri wapo tena watu wa kujitolea, mradi wa Pybricks, ambao programu yao inaendesha matofali hayo bila kungoja kampuni. Lakini ona mchezo ulivyo: plastiki inadumu miaka hamsini, programu inadumu miaka michache, na programu ndiyo roho.

Na si roboti tu. Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na kompyuta kibao ambazo ni nzima haziingii Windows 11. Mnafikiri zinaenda wapi hizo? Nyingine zitaandikwa "msaada kwa shule za Afrika". Ripoti ya dunia ya taka za elektroniki ya mwaka 2024 ilisema mwaka 2022 pekee dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mpaka kati ya msaada na taka wakati mwingine ni kijitabu kimoja.

Swali la pili, mfadhili ana kosa gani na sisi tuna kosa gani? Tusiwe wanafiki. Aliyeleta sanduku alipiga picha na wanafunzi, akaondoka. Hakuacha maelezo, hakufundisha mwalimu hata mmoja, hakuandika hata namba ya seti. Hilo ni kosa lake. Lakini sanduku lilipokelewa na mtu mzima akaweka saini. Hakuuliza "hii inaitwaje?" Kwetu kuuliza swali mbele ya mgeni tunaona ni aibu, tunasema "asanteni sana" na makofi. Mgeni akiondoka tunafungia stoo ili kisiharibike. Na kitu kilichofungiwa ili kisiharibike ndicho kinachoharibika kwanza, waulizeni wale panya.

Swali la tatu, kwa nini tujali? Nimeshasikia watu pale kafe wakisema: roboti ya 1998 ya nini leo, wakati dunia inaongelea akili bandia? Jamani. Kihisi kinasoma, programu inaamua, mota inatenda, matokeo yanarudi kwenye kihisi. Mzunguko huo haujabadilika. Anayeelewa kwa nini kigari kimepotea mstari ameanza kuelewa mashine yoyote. Na kwa kilobaiti 32 unajifunza kubana matumizi, kitu ambacho simu zenu zenye gigabaiti nane hazijui.

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Jina Mindstorms limetoka kwenye kitabu cha mwaka 1980 cha Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967 ili watoto waiamuru kompyuta badala ya kompyuta kuwaamuru wao. Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akaishia kuwa profesa wa MIT kule Marekani, akafariki 2016. Wazo lake kubwa lilikuwa kwamba mtoto hujifunza vizuri anapotengeneza kitu cha kushikika. Kwa hiyo mtu akikwambia mambo haya ni midoli ya watoto wa Kizungu, mwambie mwenye wazo alizaliwa bara hili hili.

Na kwetu Tanzania jambo hili lina haraka yake. Mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024, una mkondo wa amali, unataka wanafunzi wafanye kwa mikono na siyo kukariri. Vizuri sana. Lakini mwalimu atafanya kwa mikono na nini? Kununua vipya ni gharama. Wakati huo huo ndani ya stoo zetu kuna vitu ambavyo tumeviandika vibovu bila kuviuliza vinaumwa nini.

NINACHOPENDEKEZA

Sihitaji semina ya hoteli ya nyota tano. Nahitaji mambo madogo yafuatayo.

Moja, kila shule inayopokea kifaa iandike siku ile ile: jina, kampuni, namba ya seti au modeli, tarehe, nani kaleta. Iandikwe kwa kalamu isiyofutika JUU ya kifaa chenyewe, maana boksi litatupwa na daftari litapotea.

Mbili, kijitabu kipigwe picha kwa simu, kila ukurasa, kabla hakijaazimwa na mtu wa kwanza. Picha ziwekwe sehemu mbili tofauti.

Tatu, anayeleta msaada aulizwe maswali matatu bila aibu. Programu yake iko wapi? Inafanya kazi bila intaneti? Kampuni ikiacha kuitunza, tutafanyaje? Akishindwa kujibu, tunaweza kumshukuru na kumwambia arudi akiwa na majibu.

Nne, kabla ya kitu chochote cha elektroniki kwenda kwenye mizani, kipewe wiki moja na vijana wa klabu. Si kila kitu kitafufuka. Zile kompyuta zenye mgongo mkubwa, kwa mfano, tulizijaribu na tukaziacha ziende, hata mimi sina miujiza. Lakini wiki moja haimgharimu mtu.

Nilimwambia mwalimu mapendekezo haya akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: betri sita kila mara, nani atalipa? Ni kweli. Klabu haina fungu. Kwa sasa tumechanga tukanunua betri za kuchaji, nazo zinafanya kazi kwenye RCX ingawa volti zake ni pungufu kidogo. Ila tukumbuke ile dakika moja ya kubadilisha! Yule binti wa kidato cha pili ameshaandika karatasi kubwa kwa mkono wake akaibandika ndani ya mfuniko wa sanduku: namba ya seti, jina la programu, namna ya kurudisha kumbukumbu ikifutika, na chini kabisa kaandika, "HAIJAFA, IMESAHAU. SOMA HAPA." Nadhani hicho ndicho kijitabu cha kwanza ambacho shule ile imewahi kuwa nacho kwa lugha yake.

Sasa mpira kwenu wadau. Mliosoma shule za serikali, kumbukeni ile stoo ya shule yenu. Kuna nini mle ndani ambacho mliambiwa ni kibovu? Nendeni mkaamkie walimu wenu wa zamani, mkaombe kuangalia. Mkikuta tofali la njano, au la kijivu, au kitu msichokijua kabisa, andikeni hapo chini kwenye maoni jinsi lilivyo: rangi, vitufe vingapi, nyaya zinaishiaje, maandishi gani yanaonekana. Tutasaidiana kulitambua. Ila tafadhali msiniletee namba ya 3001, hiyo nimeshailipia nusu saa.

Naomba kuwasilisha.